Pumzi ya mizani ya nane

Ukitaka kumjua mtu aliyelelewa na mashairi, msikilize anapofika mizani ya nane, yaani silabi ya nane ya mstari. Asiyezoea hupapita hapo bila habari, akili yake iko mwisho wa mstari. Aliyezoea hukawia. Hasimami kabisa: huivuta ile silabi ya mwisho ya kipande cha kwanza, akaiachia taratibu, akaingiza hewa, ndipo akaingia kipande cha pili. Huko kukawia ndiko kulikonifundisha kupenda mashairi, na kulinikuta mtu mzima, nina kazi yangu na kodi ya nyumba ya kulipa.

Kazi yangu ni kuhariri sauti katika redio ndogo hapa Tanga. Nimezaliwa na kusomea Kahama. Nyumbani tulisema Kisukuma, Kiswahili kilikuwa cha shule na cha sokoni. Shule ya msingi tulikuwa na ngonjera, zile za kujibizana ambazo Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alizivumisha nchi nzima miaka ya 1960. Tulizighani mbele ya mgeni rasmi, mikono ikienda juu na chini, tukizipenda bila kujua kwa nini. Sekondari ilipofika sauti ikanyamaza. Shairi likawa la mtihani: lina beti ngapi, mishororo mingapi, taja vina vya kati na vya mwisho, eleza dhamira mbili, toa mifano ya tamathali za semi. Tulihesabu mizani kwa vidole chini ya dawati. Nilipata alama nzuri tu, lakini shairi likitoka kinywani mwa mtu mzima na kuingia sikioni mwangu sikuwahi kulisikia darasani hata mara moja. Lilikuwa kitu cha karatasini, maneno yaliyopangwa yakawa na umbo la mraba, mkato katikati.

Redioni tuna kipindi cha mashairi kila Jumamosi jioni. Wasikilizaji hutuma tungo zao kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wachache huja studio wenyewe. Kabla hazijaenda hewani zinapita mikononi mwangu. Napunguza kelele za bodaboda, natoa kikohozi, nasawazisha sauti isiwe juu hapa na chini pale. Na kwa desturi ya kazi yetu, nakata pumzi. Msomaji wa habari akivuta hewa karibu na maikrofoni inasikika vibaya, kwa hiyo tunaitafuta kwenye skrini, tunaiweka alama, tunaifuta. Sikio la mhariri wa redio limefunzwa kuichukia pumzi.

Kisha akaanza kututumia sauti bibi mmoja wa Ngamiani. Mwenyewe hana simu kubwa, mjukuu wake ndiye anayemrekodia. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Tanga akiwa msichana, na tenzi alizozipokea kwa mama yake amekaa nazo kichwani miaka yote hii. Rekodi zake zina kila kitu ninacholipwa kukiondoa: kuku, mlango, adhana ya mbali, kijiko ndani ya kikombe. Sauti yake imechakaa, ina mikwaruzo. Lakini nilipoifungua kwenye kompyuta niliona jambo ambalo sijaliona kwa msomaji wa habari yeyote. Mapengo yake yalikuwa yamejipanga. Kipande, pengo, kipande, pengo, na upana wa mapengo ulikaribiana tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwanamke mzee, hana karatasi mbele yake, na anapumua kwa kipimo.

Kwa udadisi nikatengeneza nakala, nikazifuta pumzi zote, nikaviunga vipande vilivyobaki. Maneno yalikuwa yale yale, hakuna silabi iliyopotea, vina vyote vipo. Shairi halikuwepo. Alibaki mtu anayesema haraka haraka maneno yenye miisho inayofanana. Nikafungua tena ile ya asili na kuisikiliza hadi mwisho, nikaona kwamba pumzi imo ndani ya hesabu yenyewe. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nusu huku na nusu kule, na sasa naamini mgawanyo huo ulitoka kifuani kabla haujaandikwa kitabuni. Mizani 8 kwa sauti ya kuvuta ni mzigo ambao mtu anaweza kuubeba bila kuhangaika. Baada ya hapo anataka hewa, na shairi limeshamwekea mahali pa kuipata.

Jambo la pili nililolijua kwa kutazama skrini ni uzito wa silabi. Kiswahili tunachoongea huegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Sema "mikononi" kama unavyosema siku zote: "no" ndiyo inayobeba, "ni" inafuata nyuma, fupi, haina nguvu. Kwenye kompyuta wimbi la "no" limesimama na la "ni" limelala. Bibi akighani, mambo yanageuka. "No" inapewa haki yake, lakini "ni" inavutwa, inapandishwa, inashushwa, inakuwa ndefu kuliko silabi zote zilizoitangulia. Na hiyo "ni" ndiyo kina. Mtu anayelisoma shairi kwa macho hawezi kuona kwa nini wazee walikishughulikia kina kiasi kile, kwa sababu katika usemi wa kila siku silabi hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote za neno. Mahadhi ndiyo yanayoitoa nyuma na kuileta mbele.

Niweke mfano. Mama mmoja wa Sahare, mumewe mvuvi, alitutumia shairi wakati wa kusi, bahari ilipokuwa imechafuka na vyombo vidogo havitoki. Ameniruhusu niuandike hapa ubeti wake wa kwanza:

Kusi limeanza vuma, ngalawa zi mchangani,
Wavuvi washika tama, nyavu zimelala ndani,
Mke kando kasimama, sufuria mikononi,
Bahari umetunyima, leo tutapika nini?

Usome kwa sauti, tafadhali, hata kama uko ndani ya daladala. Soma kwa mdomo mdogo. Anza na mshororo wa tatu. "Mke" ni mizani mbili: "m" peke yake, kisha "ke". Darasani tuliambiwa hivyo na tukakariri. Huyu mama alipoghani, ile "m" aliipa noti yake kamili, midomo imefungwa, sauti inatokea puani, kabla ya kufungua mdomo kwa "ke". Ni mvumo mfupi, lakini ukiukosa mshororo unachechemea na sikio linajua hata kama halihesabu.

Angalia tena: "limeanza vuma", bila "ku". "Zi mchangani", pale ambapo mtu wa bara angesema "ziko mchangani". "Kasimama" badala ya "amesimama". Sekondari haya yote yalikuwa kwenye orodha iitwayo uhuru wa mshairi: inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake), kufinyanga sarufi. Tuliyafundishwa kama ruhusa maalumu, kana kwamba mshairi kapungukiwa nafasi ikabidi aibe. Nilipohamia Tanga nikasikia wauza samaki wakisema "kaja", "kaondoka", "kanipa", asubuhi na jioni, wala hawatungi chochote. Lugha ya pwani ina maumbo mafupi na marefu tayari, na mtungaji mzuri anachagua lile linalokaa. Wa bara akilitumia umbo hilo bila kulisikia vinywani mwa watu, linasikika limebandikwa.

Lakini kitu ninachokipenda zaidi katika ubeti huu ni irabu. Vina vya kati ni "ma" na vya mwisho ni "ni", sawa. Sasa sikiliza irabu inayotangulia kila kina. Kati: vuma, tama, kasimama, kisha nyima. Mwisho: mchangani, ndani, mikononi, kisha nini. Mishororo mitatu ya kwanza kinywa kinazunguka kwenye "a", "u" na "o", mdomo uko wazi au umeviringika. Unapofika kituo, yaani mshororo wa mwisho, pande zote mbili zinaingia kwenye "i": nyima, nini. Mdomo unabana. Ubeti uliokuwa ukieleza, upepo huu, wavuvi wale, mke yule, mara unageuka kuihoji bahari uso kwa uso, na sauti inabana pale pale panapobana maisha ya aliyetunga. Nilimpigia simu kumuuliza kama alikusudia. Akaniambia alijaribu maneno mengine kwanza, hayakuuma. Hilo neno lake, kuuma, nimelichukua na ninalitumia studio sasa.

Kuna watu husema kutunga kwa vina katika Kiswahili ni rahisi, maneno yetu yote yanaishia kwa irabu, mtoto anaweza. Nusu ya maneno yao ni kweli. Sarufi yetu inajipigia vina yenyewe. "Kile kitabu kikubwa kimeanguka": ki, ki, ki, ki, na hakuna aliyetaka kutunga. Ukiweka vitenzi mwisho wa kila mshororo unaweza kupata "wa" au "ka" ubeti mzima bila kutoka jasho. Tatizo ni kwamba sikio linalizoea jambo hilo upesi na kuacha kusikia. Kwa sababu kina kinapatikana kwa urahisi, kazi ya mtungaji ni kukifanya kistahili kungojewa. Ninapopokea shairi ambalo vina vyake vyote ni mnyambuliko wa kitenzi kile kile, nalirusha, maana kipindi ni cha watu wote, lakini nalijua kabla sijamaliza ubeti wa pili.

Turudi kwa bibi wa Ngamiani. Utenzi anaoupenda kuliko zote ni ule wa Mwana Kupona binti Mshamu, alioutunga 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, katika kisiwa cha Pate, na alitunga akiwa mgonjwa, miaka michache tu kabla ya kufa. Utenzi una kipimo kifupi kuliko shairi: mizani 8 kila mshororo, mishororo minne, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unarudi kila mara kwenye kina kinachouunganisha utenzi mzima. Unaanza hivi, mama akimwita binti asogee asikilize wasia:

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Nilikuwa nimeshakutana na beti hizi kwenye kitabu, na maelezo yake pembeni: wasia wa mama kwa binti, nafasi ya mwanamke, utii. Dhamira, tena dhamira. Kumsikia bibi akizighani ni habari nyingine kabisa. Kwanza "binti". Kwa kusema kawaida ni bin-ti, silabi mbili za haraka. Kwa mahadhi ni bi-n-ti, na hiyo "n" inakaa, inavuma, kabla haijaachia "ti". Ubeti wa pili "kutamka" inafanya vile vile: ku-ta-m-ka. Mama anasema mwaka mzima hakuweza kutamka neno, na katika neno "kutamka" lenyewe midomo inafungwa na kuvuma kwa mizani nzima kabla ya kufunguka. Sijui mtunzi aliliwaza hivyo au lilimjia tu. Najua kwamba kila nikilisikia hapo nasikia mtu anayetafuta nguvu ya kusema.

Halafu kile kina cha mwisho: ukazingatia, kukwambia. Ubeti unaofuata unafunga tena kwa kukwambia. Mishororo mitatu inapanda na kuzunguka, ti, ti, ti, au ka, ka, ka, halafu wa nne unashuka kwenye "ia" ndefu, laini, inayoelekea kwa yule anayeambiwa. Bibi huishusha sauti hapo kila ubeti, kwa namna ile ile, na baada ya beti chache unaanza kuingojea. Binti anaitwa arudi karibu kila baada ya mishororo minne. Mimi sina mtoto wa kike, lakini mama yangu yuko Kahama na mimi niko huku, na nimewahi kuhariri rekodi hiyo huku nafuta machozi kwa kanga. Maana ya maneno mengi yale ya Kiamu, Kiswahili cha Lamu, sikuwa naijua bado. Ilikuwa ni ile "ia" peke yake.

Ubeti wa tatu una jambo la wadadisi:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Kwa macho, "thi" imeharibu kina. Bibi hutamka "hadisi", na kina kinakaa mahali pake pasipo wasiwasi wowote. Tenzi hizi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na watu waliokuwa wakizisikia kwa lafudhi zao. Sisi tulioandika upya kwa herufi za Kirumi tumezirekebisha tahajia, tukawaachia wasomaji kina kilichopinda.

Nimekuwa nikijiuliza ni vipi mtu anakaa na beti zaidi ya 100 kichwani kwa miaka 60 au 70. Jibu la bibi ni kwamba hazikai kichwani, zinakaa ulimini: ukianza mahadhi, maneno yanakuja yenyewe, ukikosea neno mizani inakuambia. Alinionyesha. Nilimwomba aseme ubeti fulani wa katikati kama mazungumzo, bila kughani, akakwama. Akaurudia kwa mahadhi, ukatoka wote. Kwa hiyo kipimo kilikuwa pia ghala. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki karibu 1840. Mashairi yake mengi tunayo kwa sababu watu wa mji walikuwa bado nayo vinywani miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akasaidiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, kuyakusanya na kuyaandika. Kitabu hakikuchapwa hadi 1940, Johannesburg, kwa kazi ya William Hichens. Karibu miaka 100 tangu mwenyewe azikwe. Fikiria ni siasa gani za Mombasa, mizaha gani, ugomvi gani na Lamu na Unguja uliotufikia kwa sababu tu mtu aliupima 8 kwa 8 na akautia vina.

Na Abdilatif Abdalla, ambaye alifungwa Kenya 1969 hadi 1972 kwa kuandika dhidi ya serikali, alitunga gerezani, kwenye karatasi za chooni, diwani, yaani kitabu cha mashairi, iliyotoka 1973. Mtu yuko peke yake, hakuna wa kumghania, na bado amezishika mizani na vina vyake barabara. Nilipokuwa shule ningesema ni kwa sababu ya sheria za utungaji. Leo nafikiri mtu akinyang'anywa kila kitu hubakiwa na pumzi yake, na hiyo alijua jinsi ya kuipanga.

Sheria hizo zenyewe ziliandikwa vizuri na Sheikh Kaluta Amri Abedi, kitabu chake kilitoka 1954, na kwake yeye jambo lilikuwa wazi kabisa: shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Nakubaliana naye karibu njia yote. Lakini mimi ni mtu wa Kanda ya Ziwa, na Euphrase Kezilahabi alikuwa wa Ukerewe, na siwezi kumtupa Kezilahabi. Diwani yake ya 1974 iliacha vina na mizani, ukazuka mjadala mkali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko ambao bado unaamsha watu wazima vitini. Nimewahi kuwasomesha watangazaji wetu mashairi huru studio. Wengi huyasoma kama taarifa na yanakufa, kwa kuwa hakuna kina cha kuwaonyesha pa kukawia. Muziki wake uko kwingine: urefu wa sentensi dhidi ya ufupi wa mstari, neno linalorudiwa likiwa na uzito tofauti, kimya ambacho msomaji lazima akitafute mwenyewe. Kwangu ni sauti kweli, ila inadai msomaji ambaye sikio lake limeshapikwa. Ningemwanzisha mtu na tenzi kwanza, miezi kadhaa, ndipo nimpe shairi huru. Anayeanza na shairi huru huwa hajui kimekosekana nini pale, na kukosekana kwa kitu fulani ndiyo nusu ya ladha yake.

Ofisini tumebishana zaidi juu ya muziki wa chini. Mwenzangu mmoja, fundi hodari, anapenda kuweka udi na kanuni, zile ala za nyuzi za taarabu, chini ya kila shairi, sauti ya ala imepunguzwa, mshairi juu yake. Anasema wasikilizaji wanaupenda. Mimi nakataa, na nimekataa kiasi kwamba sasa ananiachia kipindi. Ghani ina mwendo wake, haiendi na saa. Bibi hukaza mahali, hulegeza mahali, humngoja mjukuu akihamisha simu. Ukimwekea ala zenye mdundo wake, sikio la msikilizaji linaifuata ala, na zile pumzi zote zinajazwa na nyuzi za udi. Taarabu ni jambo lingine, huko maneno na ala vililelewa pamoja. Hapa Tanga vikundi kama Black Star na Lucky Star, miaka ya 1960 na 1970, viliacha ile orkestra kubwa ya Unguja yenye fidla nyingi na kutumia ala chache na magitaa, na msikilize Shakila Saidi katika rekodi za wakati huo: kila silabi inasikika, kina kinavutwa hadi mwisho, gitaa linajibu pale tu anapovuta hewa. Wapigaji wale walijua pengo ni la nani.

Wiki chache zilizopita alikuja studio kijana wa kidato cha tatu na shairi lake kuhusu barabara ya kwao isiyotengenezwa. Mizani kamili, vina kamili, mwalimu angempa zote. Akalisoma kwa sauti ya kujibu maswali. Nikamwomba alighani. Akasema hajui mahadhi yoyote ya wazee na hataki kuyaiga. Sawa. Nikamuuliza anasikiliza nini. Hip hop, akasema, na akaanza kunieleza habari za mistari na vina kwa ufasaha ambao darasani labda hawauoni. Akapiga meza kwa kiganja, mapigo manne, akaingiza kipande chake cha kwanza. Mizani 8 zikakaa mbili mbili juu ya kila pigo, kina kikaangukia mwisho wa pigo la nne, na hapo akavuta hewa, sawasawa na bibi. Mshororo wa pili akaanza kuchelewesha maneno makusudi na kuyafukuzia mbele, akicheza na kile kipimo. Shairi lile lile. Tulilirusha na meza yake humo humo, na bibi wa Ngamiani akamtuma mjukuu aulize yule mtoto ni wa nani.

Nimeanza kuhifadhi mahadhi. Naweka rekodi kwenye faili, kila moja na mahali ilikotoka, bila muziki na bila kukatwa chochote. Nina ya Mombasa kwa bibi, nina mawili ya Pangani, nina la mzee mmoja wa Mkinga anayepandisha sauti mwisho wa kituo badala ya kuishusha, jambo linalonisumbua kwa uzuri wake. Ya Pemba sina. Ya Lamu sina kutoka kwa mwenyeji anayeishi huko. Ya bara, ya wale wazee wa Tabora na Kigoma waliokuwa wakituma mashairi magazetini na redioni miaka hiyo, sina kabisa, na naogopa wanaondoka. Kama una mzazi au jirani anayeghani, chukua simu, mrekodi na ule ubeti wa mama wa Sahare, unitumie. Usimfundishe. Usifunge dirisha, kuku wabaki. Nataka kulinganisha kila mmoja anavyoivuta ile "nini" ya mwisho.